Siku Serafina Alipoweka Mikono Kichwani

Kisangani, Jumapili asubuhi. Mvua imekoma, lakini paa bado linadondosha maji, na mbingu ni nzito kama jana.

Kosa wanalofanya watu wengi kuhusu opera ni kudhani kwamba asiyeelewa maneno hasikii kitu. Wanasema: huu ni Kiitaliano, na hawa ni watu wa samaki na mihogo, wataona tu mtu anafungua kinywa. Hata mimi, niliyezeeka nikifundisha muziki, niliamini hivyo mpaka jana mchana.

Leo siamini tena.  

Niandike polepole, jambo baada ya jambo, kama ninavyowaagiza wanafunzi. Labda nikimaliza nitapumua vizuri.

Mashindano haya ya kimataifa ya waimbaji vijana hayakuwahi kufika mjini kwetu kabla ya wiki hii. Waimbaji wametoka Kampala, Bangui, Brazzaville, Usumbura na Luanda, na wengine ni wa hapa nchini. Kila mmoja anaimba kipande cha opera, akisindikizwa na mpiga piano wa ukumbi. Atakayeshinda kesho jioni atapelekwa Ulaya kusomea uimbaji, na gharama zote zimeshughulikiwa. Kwa kijana wa kwetu nafasi kama hiyo haipo popote pengine. Ataipata kesho, au ataisikia kwa wengine maisha yake yote.

Waamuzi tuko watatu. Mwenyekiti ni Mbelgiji aliyetumia umri wake katika majumba ya opera ya Ulaya, mtu mkali mwenye ndevu fupi. Wa pili ni Madame, Mfaransa mpiga piano aliyetoka Brazzaville. Wa tatu ni mimi. Nadhani waliniweka ili picha ya gazetini ipendeze. Nilikubali hata hivyo, kwa sababu masikio yangu ni mazuri na ninalijua hilo.

Serafina ni binti wa hapa hapa. Amekulia kwenye maporomoko ya mto, katika familia ya wavuvi, na amelelewa na shangazi yake, Tantine Marta, tangu mama yake alipofariki. Masista ndio waliomfundisha kuimba. Siku ya Alhamisi, katika mzunguko wa kwanza, aliimba bila kosa hata moja, na sote watatu tulikaa kama watu wanaosubiri ofisi ifunguliwe.

“Sauti safi kama maji yaliyochemshwa,” alisema Mwenyekiti. “Na ladha yake ni hiyo hiyo.”

Alimpitisha, lakini kwa shingo upande. Kanuni zinaruhusu mwamuzi kumshauri mwimbaji kati ya mzunguko mmoja na mwingine. Basi siku ya Ijumaa nilimkalisha Serafina barazani. Mimi napenda kueleza. Mke wangu husema ni ugonjwa.

“Unajua unaimba nini?” nilimuuliza.

“Papa Mwalimu, mimi naimba vile masista walionyesha. Fungua kinywa muzuri, shika pumzi, usikaze shingo.”

“Lakini maneno?”

“Maneno ni ya kwao.”

Nikamweleza. Kuna mama mmoja, mjane. Mwanawe wa pekee anavuka mto usiku kwenda kumwona mchumba wake. Mtumbwi unapinduka. Asubuhi mama anasimama ukingoni na kumwita, na mto unapita tu. Huo ndio wimbo wote. Serafina alinyoosha kwa vidole upindo wa liputa yake, kitenge alichojifunga kiunoni.

“Ni mama wa Italia?”

“Wa Italia.”

“Na wao pia maji inabebaka watoto yao?”

“Inawabeba.”

“Bon,” alisema, akasimama. “Sasa najua.”

Nilirudi nyumbani nimefurahi. Nilijiona nimefanya kazi ya mwalimu.

Sasa ni lazima nieleze jambo moja, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka hata na mimi mwenyewe nikiyasoma baada ya miaka. Mwimbaji wa opera hufundishwa mikono. Ataiweka kifuani, au ataikunjua mbele polepole, au ataiacha ining'inie. Hainyanyui juu kupita kiasi, kwa kuwa mbavu zinahitaji nafasi ya pumzi. Jana, kabla ya Serafina, tulikuwa tumeona mikono ya kila namna hiyo. Kijana wa Kampala, mwenye sauti kubwa ya kutikisa glasi, alikuwa ameikunjua kama mtu anayepima kitambaa.

Kwetu nako mikono ina mafundisho yake. Hapa mtu haweki mikono kichwani kwa mchezo. Mtoto akifanya hivyo ndani ya nyumba atapigwa kofi mikononi: “Toa! Unamwita nani afe?” Mikono miwili kichwani ni msiba. Na anayesikia kilio cha msiba haulizi kwanza. Anaacha sufuria motoni na kwenda. Maswali huulizwa njiani.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Sikuyaweka pamoja.

Ukumbi ulijaa. Wazungu mbele, sisi nyuma, madirisha yote wazi kwa sababu ya joto. Kwenye mabenchi ya mwisho kabisa alikaa Tantine Marta na wanawake wa familia, wote wamevaa kitambaa cha namna moja, wameshika mikono magotini kama watu waliokuja kanisani. Hawakuwahi kuingia ukumbi ule. Serafina ndiye aliyewaomba waje kumwona.

Alianza kuimba, na katika mstari wa kwanza tu Madame aliweka kalamu chini.

Ilikuwa sauti ile ile na noti zile zile. Lakini sasa palikuwa na mtu aliyekuwa akiitwa. Unaposikiliza waimbaji mfululizo unazoea kusikiliza kazi: pumzi, kimo cha sauti, irabu. Mimi nilisahau kazi. Katika ukurasa wa mwisho kuna pumziko dogo ambapo piano inanyamaza. Hapo Serafina aligeuka. Aliuacha ukumbi, akaelekea dirisha la upande wa mto. Akanyanyua mikono yote miwili, akaiweka kichwani, na kuachia mstari wa mwisho kuelekea nje.

Nyuma, benchi lilianguka.

“Mama na ngai!” Alikuwa Tantine Marta, akimwita mama yake kwa Kilingala, kama inavyotoka kwa kila mwanamke wa mji huu anapopigwa na jambo. Kisha akapaza sauti: “Nani? Mutoto ya nani iko mu maji?”

Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa hakuna aliyeelewa kwamba linahitajika jibu. Kwao ukimya ule ulikuwa jibu tosha. Wanawake wale walitoka kwa pamoja, mikono kichwani, wakilia, wakikimbia barabara ya maporomoko. Walifuatwa na mabenchi yote ya nyuma: katekista, fundi cherehani, karani mwenye tai. Kilio kilisikika kikienda mbali, na kila kilipopita, nyumba zilikipokea na kukipeleka mbele.

Na mimi nilikuwa nimesimama, kofia mkononi, tayari kuwafuata.

Mimi niliyeijua hadithi tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi niliyeieleza.

Serafina alikuwa ameimba mpaka noti ya mwisho, kama alivyofundishwa. Alibaki pale jukwaani mikono bado kichwani, hajui aitoe au aiache.

Mwenyekiti alipiga meza. “Hii ni aibu! Amewalipa!”

Sikumwelewa mpaka Madame aliponieleza kwa sauti ya chini. Katika majumba ya opera ya Ulaya, alisema, kuna watu wanaokodiwa na waimbaji. Wanakaa kati ya watazamaji, wanapiga makofi mahali walipoambiwa, wanalia mahali walipoambiwa, na baada ya onyesho wanapokea ujira wao. Mwenyekiti aliwachukia watu hao maisha yake yote. Ndiyo maana aliweka kanuni: mwimbaji atakayeleta watu wa kukodi anaondolewa papo hapo. Alikuwa ameshika kalamu, na mstari ulikuwa umeshapita juu ya jina la Serafina.

Nilishtuka mara ya pili. Kulia kwa kukodiwa! Nilidhani Madame ananitania.

“Monsieur le Président,” nilisema, “hakuna mwanamke wa mji huu atakayelia msiba kwa malipo. Kufanya hivyo ni kuuita msiba wa mwanawe mwenyewe.”

“Kila mtu ana bei yake, Mwalimu.”

“Basi tuwaulize wenyewe.”

Alinitazama, akachukua kofia. Ni mtu mkali, lakini si mtu wa kukwepa.

Tulikwenda kwa gari lake, yeye na Madame mbele, mimi na Serafina nyuma. Njia nzima watu walikuwa wakikimbia upande ule ule tuliokuwa tukienda. Serafina hakulia. Alitazama nje tu, kisha akasema polepole:

“Papa Mwalimu, mto umejaa.”

Nikamjibu kipumbavu kwamba ndiyo, mvua imekuwa nyingi.

“Baba zangu wadogo hawataulizaka,” akasema. “Wataingia.”

Hapo ndipo nilipoelewa kile alichokuwa amekwisha kukiona tangu jukwaani. Kilio kilikuwa mbele yetu. Kilisema mtoto yuko majini, na kwenye maporomoko neno hilo halina haja ya kuthibitishwa. Wanaume huingia kwanza.

Nisieleze sana maporomoko. Aliye na macho ameyaona. Miti mikubwa imesimikwa kati ya mawe, na juu yake imefungwa mitego, vikapu virefu vinavyomeza samaki. Maji yakipungua, wanaume hutembea juu ya miti ile kama sisi tunavyotembea sebuleni. Maji yakijaa, hata wao hawaendi.

Jana walikuwa wamekwenda. Niliona vichwa kati ya povu, na kamba, na mitumbwi miwili. Wa tatu ulikuwa umepinduka, na mtu mmoja alikuwa ameng'ang'ania mti, maji yakimpita begani. Ni Pascal, mdogo wa marehemu baba yake Serafina, yule anayemwita Tonton. Wanawake walikuwa juu ya mwamba. Sasa kilio chao kilikuwa cha kweli.

Serafina alivua viatu alivyopewa na masista, akakimbia juu ya mwamba ule.

“Tonton! Rudini! Hakuna mutu mu maji! Hakuna!”

Sikuwahi kufikiri kwamba nitaisikia sauti ya binadamu juu ya ngurumo ile. Niliisikia. Waliokuwa kwenye mitumbwi nao waliisikia, wakageuka. Walimrushia Pascal kamba. Aliikosa. Wakarusha tena, akaikosa tena. Madame alinishika mkono, nadhani hakujua amemshika nani. Kamba ilipomfikia safari nyingine alijifunga kifuani, akaachia mti, na tukaacha kumwona.

Kisha tukamwona.

Walimvuta juu ya jiwe, goti limechanika, anatapika maji. Alikaa muda, akawatazama watu wote waliomzunguka, mmoja mmoja.

“Bon,” akasema. “Mimi nilikuwa natafuta nani?”

 Serafina alipiga magoti mbele yake. “Tonton, unisamehe. Ni mutoto wa wimbo. Wa kule Italia.”

Pascal aliwaza jambo hilo kwa makini.

“Alors maiti iko Italia,” alisema, “na mimi natafuta hapa?”

Akaanza kucheka, akakohoa, akacheka tena, na wanaume wengine wakacheka naye. “Kesho mutanituma Ulaya na mtumbwi!” mmoja akapiga kelele.

Tantine Marta hakucheka. Wala Mwenyekiti. Suti yake nyeupe ilikuwa imelowa mpaka magotini, na sikumbuki ni lini aliingia majini. Aliyatazama maji, akamtazama Pascal, akaniambia kwa Kifaransa, kama mtu anayezungumza na nafsi yake: “Hakuna anayeweza kumlipa mtu aingie humo.”

 

Lakini kama Mwenyekiti alikuwa amemaliza, Tantine Marta ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Alisimama mbele ya Serafina, mikono kiunoni.

“Umelia bila maiti. Kilio iko wazi. Nani ataifunga?”

“Mimi, Tantine.”

“Na ile kilio hutaiimba tena. Si hapa, si kwa Wazungu, si kwa masista. Ukiiimba, mimi si tantine wako.”

Katika ukoo wao, nilielezwa hapo hapo, kilio kilichotoka bila maiti hakiachwi hivi hivi, kwa sababu kinaendelea kutafuta mtu wake. Hufungwa kwa majina. Aliyelia anasimama ukingoni na kuwaita watu wote waliokisikia, na kila mmoja anajibu kwamba yupo. Asiyejibu ndiye aliyebaki wazi.

Basi Serafina alisimama juu ya mwamba na kuita. Kwanza watoto, kuanzia wachanga, ambao mama zao waliwajibia. “Niko!” “Niko!” Kisha wanawake. Kisha wanaume, na Pascal alijibu kwa nguvu kuliko wote: “Niko, lakini kidogo!” Aliita waliokuja kutoka ukumbini, karani na katekista. Aliniita mimi. Nilijibu, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

Akasita. Tantine Marta akamwonyesha Mwenyekiti kwa kidevu.

“Yule pia alisikia.”

Nilitaka kuingilia. Miaka yote hii sijawahi kuona Mzungu wa cheo chake akiitwa jina mbele ya watu wetu na kutakiwa kujibu kama mtoto wa shule. Nilitafuta maneno ya kueleza. Safari hii sikuyapata.

“Monsieur le Président!” aliita Serafina.

Maji yalinguruma. Watu wote walimtazama. Alivua kofia.

“Niko,” alisema, kwa Kiswahili, vibaya sana.

Hakuna aliyecheka. Tantine Marta alitikisa kichwa kukubali, mara moja tu, kama mtu anayefunga fundo, na wanawake wakashusha mikono yao. Ndipo Madame akauliza kama yeye hataitwa, akaitwa, akajibu, na hapo ndipo tulipocheka.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Nimeyaandika yote, na bado sijapumua vizuri kama nilivyotarajia.

Kinachonishtua asubuhi hii si kwamba wanawake wale walikosea. Ni kwamba hawakukosea. Hawajui neno hata moja la Kiitaliano. Hawakuelezwa na mtu yeyote. Wakasikia mama anamlilia mtoto aliyechukuliwa na mto, na ndivyo ilivyokuwa hasa. Walielewa kila kitu isipokuwa anwani. Mimi nimekaa na karatasi za muziki ule miaka na miaka, nikawafundisha watu mahali pa kuvuta pumzi, na jana ndiyo siku ya kwanza nilipouamini.

Na kwa kuuamini kwetu nusura mtu afe. Hilo pia niliandike. Nani aliwahi kunionya kwamba wimbo ukiimbwa sawasawa unaweza kumtia mtu majini?

Mke wangu ameniletea chai, akasoma uso wangu. “Baba Agnesi, jana ulielezaka nini tena?”  Akacheka, akaenda zake misani.

Basi hali ni hii. Mwenyekiti amerudisha jina la Serafina. Ataimba kesho jioni pamoja na kijana wa Kampala na msichana wa Bangui. Kanuni inamruhusu abadilishe kipande, ila mpiga piano wa ukumbi lazima apate karatasi zake leo kabla ya jua kuzama, apate muda wa kujifunza. Kama hakuna karatasi, Serafina atatakiwa kuimba kile kile cha jana, na kwa hiyo hataimba kabisa. Kati ya Ulaya na Tantine Marta atamchagua Tantine Marta. Aliniambia hivyo jana wakati wa kuagana, bila kulia. “Papa Mwalimu, Ulaya sijaijua. Tantine namujua.”

Nilimwahidi kwamba nitapata kingine. Niliahidi haraka, kama kawaida yangu.

Tangu alfajiri nimefungua sanduku la karatasi zangu za opera na kuzitandaza juu ya kitanda. Sijawahi kuzisoma kwa jicho hili. Huyu anachomwa kisu. Huyu anakunywa sumu. Huyu anakohoa mpaka anakata roho, na anaimba vizuri zaidi kadiri anavyokohoa. Huyu anajitupa kutoka ukutani. Huyu anazikwa yu hai, na mchumba wake anaingia naye kaburini kwa hiari. Wazungu hawa wana nini? Wanalipa kiti, wanavaa vizuri, wanakuja kuona msiba, halafu wanakwenda kula. Na hakuna anayewaita majina.

Nusu ya sanduku bado sijaigusa. Lazima humo ndani kuna msichana mmoja anayefua nguo, anayemchokoza mchumba wake, anayesubiri arusi, na mwisho wa ukurasa bado yuko hai.

Mzee, weka kalamu chini. Mtafutie Serafina leo wimbo ambamo hakuna anayekufa.